BBE, ile dawa nyeupe ya upele: tuijue kabla ya kujipaka

Wadau, leo naomba tuongee kitu ambacho watu hawapendi kukitaja mbele za watu. Upele. Ndiyo, ule wa kujikuna usiku kucha mpaka asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kama umewahi kukaa bweni, au geto la watu wanne godoro moja, au kambi ya wavuvi kule visiwani, basi ama umeupata wewe au umelala pembeni ya mwenye nao. Hakuna cha kuoneana aibu hapa.

Dawa yake wengi mnaijua kwa sura. Chupa yenye kimiminika cheupe kama maziwa, kina kaharufu fulani ka utamu, ukijipaka kwenye ngozi iliyokwanguka unaruka ruka kama umekanyaga makaa. Kwenye lebo utaona imeandikwa Benzyl Benzoate Emulsion, ila mtaani ni BBE tu. Ipo kwenye maduka ya dawa hapa Mwanza, bei yake si ya kutisha, na imeshawatibu watu kibao kuanzia Igogo mpaka Ukerewe.

Sasa kwa nini naandika? Kwa sababu nasikia sana watu wakisema "BBE siku hizi haifanyi kazi, ni maji tu". Mimi nasema hapana. Dawa ni ya zamani na inafanya kazi yake. Ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu amepakwa mtu mmoja wakati waliotakiwa kupakwa ni wanane. Na ikidhuru, mara nyingi ni kwa sababu imehamishiwa kwenye chupa isiyo yake. Haya, twende taratibu.

NI KITU GANI HASA?

Waliofika kidato cha tatu na cha nne kwenye kemia watakumbuka kitu kinaitwa esta. Unachukua asidi, unachukua alkoholi, unaziunganisha, maji yanatoka pembeni, unabaki na esta. Esta nyingi zinanukia. Harufu ya ndizi mbivu kwa sehemu kubwa ni esta. Harufu ya nanasi, esta zimo. Hata zile pipi zenye "ladha ya matunda" ambazo tunda lenyewe hazijawahi kuliona, nyingi zimetiwa esta za kiwandani.

BBE nayo ni esta, jina lake benzili benzoeti. Inatokana na asidi ya benzoiki na alkoholi ya benzili. Hiyo asidi ya benzoiki si mgeni kwenu: chumvi yake, yaani sodiamu benzoeti, inawekwa kwenye soda na juisi nyingi za chupa ili zisiharibike haraka. Angalia lebo ya soda yako hapo mezani, huenda ukaikuta.

Wanakemia wanaiita esta ya aromatiki. Hapa wengi huchanganya, wanadhani aromatiki maana yake inanukia. Zamani lilianzia huko kweli, ila leo kwenye kemia maana yake ni kwamba molekuli ina pete ya kaboni 6 ya aina ile ya benzini. Benzili benzoeti inazo pete mbili, moja kila upande, katikati zimeunganishwa na ile sehemu ya esta. Ukihesabu yote unapata kaboni 14, hidrojeni 12 na oksijeni 2.

TABIA ZAKE

Ikiwa safi, yaani kabla ya kufanywa dawa, si nyeupe hata kidogo. Ni mafuta yasiyo na rangi, mazito kiasi, yenye harufu nyepesi tamu. Mambo ya kukumbuka ni haya:

1. Haichanganyiki na maji. Ni nzito kuliko maji kidogo, mililita moja ina uzito wa kama gramu 1.12, hivyo ukiimwaga kwenye ndoo inazama chini. Ila kwenye spiriti na mafuta inayeyuka vizuri.

2. Inaganda kwenye nyuzi joto kama 18 hadi 21 hivi. Kwa joto letu la hapa Mwanza karibu muda wote utaikuta ni kimiminika. Ukiipeleka Makete mwezi wa saba inaweza kuganda usiku, ukadhani imeharibika. Haijaharibika, ipashe joto kidogo itarudi.

3. Inachemka kwenye nyuzi joto kama 323. Maana yake hairuki hewani haraka kama petroli au spiriti. Inakaa. Na hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwenye dawa na kwenye manukato pia.

4. Inaweza kulainisha baadhi ya plastiki. Viwandani hutumika kama kiyeyushi na kilainishi. Hii ni sababu mojawapo ya kuiacha kwenye chupa iliyokuja nayo, na usiihamishie kwenye kikopo chochote unachookota.

Sasa kama haichanganyiki na maji, ile nyeupe tunayopaka inatoka wapi? Ni emalsheni. Wanaisaga esta pamoja na maji na kitu cha kuwapatanisha, inakuwa matone madogo madogo yaliyotawanyika ndani ya maji. Mwanga ukipiga kwenye matone hayo unatawanyika na wewe unaona weupe, sawasawa na maziwa, ambayo nayo ni matone ya mafuta ndani ya maji. Dawa ya kawaida ni ya asilimia 25: ndani ya mililita 100 kuna gramu 25 za benzili benzoeti. Ikikaa muda mrefu inaweza kujitenga, ndiyo maana wanakuambia tikisa kwanza. Usipotikisa, wa kwanza anaweza kupaka maji na wa mwisho akapaka moto.

INATOKA WAPI

Viwandani inatengenezwa kwa kemikali, lakini Mungu alishaiweka kwenye mimea kabla yetu. Imo kwenye utomvu wa mti uitwao balsamu ya Peru, ambao licha ya jina unatoka Amerika ya Kati. Imo kwenye mafuta ya maua ya mlangilangi, yale yanayozalishwa kwa wingi visiwani Komoro na ambayo Zanzibar nako mti wake upo. Imo kwenye asumini. Kwa hiyo bibi harusi wa Unguja aliyejipamba kikuba cha asumini na langilangi, na mvuvi wa Goziba aliyejipaka BBE, kwa kiasi fulani wananukia kitu kimoja. Tofauti ni kipimo na shughuli.

Kwenye manukato ya dukani inatumika kushikilia harufu zisiruke haraka. Ulaya waliamua miaka ya 2000 kwamba bidhaa ya kupaka yenye esta hii kupita kiwango fulani lazima iandikwe kwenye lebo, kwa kuwa kuna watu wachache ngozi zao zinaikataa. Na hospitalini imo ndani ya baadhi ya sindano za mafuta, kama kiyeyushi. Mfano ni dimercaprol, sindano inayotumika kwa waliopata sumu ya madini kama aseniki na zebaki. Wachimbaji wetu wa dhahabu kule Geita, zebaki wanaijua.

MDUDU MWENYEWE

Upele hausababishwi na uchafu. Narudia: hausababishwi na uchafu. Unasababishwa na utitiri, kamdudu kenye miguu 8, ndugu yake kupe na buibui. Jike lake lina urefu wa kama milimita 0.3 hadi 0.4, kwa macho ya kawaida utabahatisha kuona kidoa tu. Anachimba handaki kwenye tabaka la juu la ngozi, anatembea humo huku anataga mayai mawili matatu kwa siku. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 3 au 4, na katika wiki mbili hivi watoto wamekuwa wakubwa, mchezo unaanza upya.

Kinachowasha ni mwili wako kumkataa yeye, mayai yake na kinyesi chake. Na hapa ndipo penye mtego. Kama ni mara yako ya kwanza kuupata, mwili unachukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kulalamika. Mwezi mzima unatembea na wadudu hujui, unalala na watu, unawagawia. Ukiupata mara ya pili, mwili unakumbuka, unaanza kuwashwa ndani ya siku chache tu.

Dalili zake: muwasho unaozidi usiku, vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, makalioni, sehemu za siri, na kwa kina dada kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga mpaka viganjani, nyayoni na kichwani. Na ukiuliza nyumbani, kuna mwingine anajikuna pia.

Usiuchukulie poa. Ngozi iliyokwaruzwa inaingiza bakteria, vinakuwa vidonda vya usaha, na baadhi ya bakteria hao wanaweza kusababisha figo kuugua, hasa kwa watoto. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linasema kwa wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Si ugonjwa wa kijiji fulani huko.

JAMAA ALIYETUPA JIBU

Hapa kuna kisa kizuri. Kuna Mwingereza mmoja mtaalamu wa wadudu, Kenneth Mellanby. Miaka ya 1930 alikuwa Uganda akichunguza mbung'o. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, jeshi la Uingereza likakumbwa na upele vibaya sana. Wakubwa wakaamini ugonjwa uko kwenye mablanketi. Wakawa wanayakusanya na kuyachoma kwa joto, na wagonjwa wanasuguliwa kwa brashi kwenye maji ya moto mpaka ngozi inatoka damu.

Mellanby akachukua vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, ambao walijitolea kufanyiwa utafiti, kwenye nyumba moja mjini Sheffield. Akawalaza kwenye mablanketi ya askari wenye upele bila kuyafua. Akawavalisha chupi na fulana zao. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Halafu akawalaza kitanda kimoja na wagonjwa wenyewe, ngozi kwa ngozi. Hapo sasa wakaupata.

Aligundua pia kwamba mgonjwa wa kawaida ana wadudu wachache kuliko unavyodhani, wastani kama 11 tu mwili mzima. Watu wanaojikuna mpaka wanalia, na wadudu hawajai hata kijiko. Na dawa iliyofanya vizuri kwenye majaribio yake ni hii hii benzili benzoeti: ukipakwa kwa uangalifu mwili mzima, hata mara moja tu, wengi walipona. Mwaka 1945 alitoa kitabu kuhusu vijana wale, kinaitwa Human Guinea Pigs. Baadaye akaenda kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Ibadan kule Nigeria.

Funzo kwetu ni hili: adui yuko kwenye ngozi za watu, si hasa kwenye shuka. Shuka fua, ndiyo, kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi, kwa sababu mdudu anaweza kuishi siku mbili tatu nje ya mwili. Usichoweza kufua, funga kwenye mfuko kwa wiki moja. Lakini ukifua shuka zote za nyumba halafu ukampaka mtu mmoja, umefanya usafi tu, hujatibu.

KISA CHA BWENINI

Nilisoma sekondari ya bweni hapa hapa Kanda ya Ziwa, jina la shule naliweka kapuni. Upele ulipoingia, utaratibu ulikuwa hivi: wanaojikuna wanapanga mstari, wanapakwa BBE mikononi na mapajani, wanarudi bwenini. Wasiojikuna wanawacheka. Baada ya mwezi, waliokuwa wanacheka ndio wako kwenye mstari, na wale wa kwanza wanaupata tena kutoka kwao. Ilienda hivyo muhula mzima. Kuna dogo mmoja wa kidato cha kwanza alipewa kitanda cha peke yake kona, watu hawataki hata kugusa ndoo yake. Aliondoka shule kabla ya mitihani na hakurudi.

Chupa za dawa zilizotumika muhula ule zilikuwa nyingi. Zingetosha kumpaka kila mtu kwenye lile bweni siku moja. Dawa ilikuwepo, hesabu ndiyo haikuwepo.

JINSI YA KUPAKA (KWA MTU MZIMA)

Kwanza nenda zahanati au duka la dawa lenye mtaalamu uhakikishiwe ni upele kweli, maana kuna fangasi, kuna vipele vya joto, na kuna mzio. Ukishajua:

1. Wote mnaolala nyumba moja, chumba kimoja, na mpenzi wako hata kama anakaa Nyegezi na wewe Kirumba, mpakwe siku moja. Anayewashwa na asiyewashwa. Hili ndilo jambo la kwanza.

2. Oga, jikaushe, acha mwili upoe. Usijisugue kwa dodoki mpaka uchubuke, dawa itakuunguza bure.

3. Tikisa chupa. Paka kuanzia shingoni mpaka kwenye unyayo. Si pale panapowasha tu. Katikati ya vidole, chini ya kucha (kata kucha kwanza), kitovuni, makalioni, mgongoni ambako utahitaji mtu wa kukusaidia. Uso na macho usiguse.

4. Iache saa 24. Ukinawa mikono kabla ya kula, paka tena mikononi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: mikono ndiyo makazi makubwa ya mdudu, na mikono ndiyo tunayonawa mara kumi kwa siku.

5. Kesho yake oga, paka mara ya pili. Wengine huelekezwa siku tatu mfululizo. Dawa haiaminiki sana kwenye mayai, hivyo mara nyingi unaambiwa urudie baada ya wiki moja hivi kuwapata walioanguliwa. Fuata ulivyoelekezwa na mtaalamu.

6. Ukimaliza, muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata kama wadudu wote wamekufa, kwa sababu mabaki yao bado yako ngozini. USIENDELEE kupaka kila siku. Ukizidisha, BBE yenyewe inakausha na kuunguza ngozi, unawashwa zaidi, unapaka zaidi. Nimeona mtu ana ngozi kama gamba la sato kwa mtindo huo. Kama baada ya mwezi bado, rudi kwa mtaalamu.

KWA WATU WA KAMBINI

Ndugu zangu wa dagaa, nyie mna tatizo lenu la peke yenu. Unapaka jioni, usiku uko majini na karabai, maji yanakupiga, dawa imekwenda. Mchana mnalala kibanda kimoja, blanketi moja. Lakini mna kitu ambacho sisi wa mjini hatuna: mbalamwezi. Siku zile mwezi unawaka, dagaa hawafuati taa, kazi inasimama, watu wanapanda boti kurudi kwa familia. Ushauri wangu ni huu: kambi nzima ipake mwanzo wa mapumziko, wote mkiwa bado mpo, mkae nchi kavu siku mbili, ndipo mtawanyike. Mkisubiri mpaka mfike nyumbani, kila mmoja atakuwa ameshapeleka zawadi kwa mke na watoto, na mwezi ukifa mnarudi kuanza upya.

WATOTO, MIMBA, NA ILE CHUPA YA SODA

Hapa naomba umakini.

Mtoto hapakwi dawa ya asilimia 25 kama ilivyo. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 12 kwa kawaida inachanganywa nusu kwa nusu na maji safi, inabaki asilimia 12.5. Chini ya miaka 2, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji, na haikai saa 24, hukaa saa 12 au pungufu. Kwa kichanga na mama mjamzito usijipimie mwenyewe, nenda kliniki. Kuna dawa nyingine kwa ajili yao, kwa mfano mafuta ya salfa. Na mtoto mdogo mfunge mikono kwa kitambaa asiinyonye.

Kwa nini? Kwa sababu ikiingia mwilini inavunjika kurudi kwenye asidi ya benzoiki na alkoholi ya benzili. Kidogo kinachopita kwenye ngozi, mtu mzima anakimudu na kukitoa kwenye mkojo. Mtoto aliyeinywa, au aliyepakwa nyingi kupita kiasi, anaweza kupata degedege.

Na inanyweka kirahisi mno, jamani, kwa sababu INAFANANA NA MAZIWA. Mtu ananunua chupa moja, anamgawia jirani kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, jirani anaiweka dirishani. Mtoto wa miaka mitatu akiamka na njaa ataona nini? Kwa hiyo: isitoke kwenye chupa yake. Ikibidi kugawana, gawaneni muda, mje mpakwe nyumba moja. Weka juu, mbali na joto na jua, kifuniko kimekazwa.

Mtoto akiinywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula eti yazimue. Mkimbize hospitali, chupa uende nayo ili daktari aone ni nini na kimepungua kiasi gani. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukaangaliwe. Na kama unafuga paka, usimpake hata kama ana utitiri. Kwa paka hii ni sumu.

NA ZIWA JE?

Kitu kinachoua utitiri hakitakuwa rafiki wa wadudu wa majini. Benzili benzoeti imewekwa kwenye kundi la kemikali zenye sumu kwa viumbe wa majini. Sisemi kwamba mtu mmoja akioga BBE itaua sangara. Ila kambi ya watu 60 wakiogea pale pale mwaloni, wakasuuza na chupa, kwenye kona ya maji yasiyotembea ambapo vifaranga vya samaki ndiko vinakulia, hiyo si busara. Ogea juu, kwa ndoo, maji yamwagike ardhini mbali na ufukwe. Chupa tupu usioshe ziwani wala kuchotea maji ya kunywa.

Tunakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa viuatilifu vya shambani. BBE haikuhusika na hilo hata kidogo. Lakini viwanda vya samaki na wavuvi wa nchi zote tatu waliumia kwa makosa ya wachache. Ziwa ni moja.

USIJARIBU HIVI

Petroli, mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya pamba: usipake mwilini, hata kama babu alipona. Hizo zinapita kwenye ngozi na nyingine zinashambulia mishipa ya fahamu moja kwa moja. Wakati BBE ipo na bei yake mnaijua, hakuna sababu ya kujiua.

Kama BBE imekukataa, ngozi inavimba na kuwaka, ioshe na uache. Kuna krimu ya permethrin, ambayo nayo kwa kweli ni esta, na kuna vidonge vya ivermectin, vile vile vinavyogawiwa kwa matende na usubi. WHO iliiweka ivermectin kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya upele mwaka 2019. Hizi uandikiwe na daktari, usimeze kwa ushauri wa mshikaji. Na ukiona mtu ana magamba mazito ya upele mikononi au mwilini, hasa kama kinga yake ya mwili iko chini, huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Yeye hana wadudu 11, ana maelfu kwa maelfu, na anaweza kuambukiza wodi nzima.

Dukani angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, lebo inayosomeka, na kifuniko kisichofunguliwa. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, si kwa wa mnadani anayepima kwa kikombe.

Basi wadau, nimemaliza upande wangu. Kama upo geto na kuna mmoja anajikuna, msimnunulie yeye chupa na kumhamishia sakafuni. Changeni, nunueni za kuwatosha, mpakane wote usiku mmoja na mpakane migongo. Wauguzi, wafamasia na watu wa visiwani mliopo humu, kama kuna sehemu nimeacha au mnafanya tofauti huko kwenu, karibuni hapo chini mtujuze.